Nusu Dakika Kabla ya Kuzima

Kila asubuhi Saliha hufungua chumba cha mbele cha nyumba yao pale Buyenzi. Hufagia, hupangusa vumbi kwenye kompyuta nane, kisha hupaza sauti: "Haya, ingieni!" Wasichana wanane huvua viatu mlangoni na kukaa. Bintiye Houda ni mmoja wao. Ng'ambo ya barabara, nyundo za garaji ya Atumani zinakuwa zimekwisha kuanza kelele zao.

Wasichana hao wanataka kuingia shule ya wauguzi. Shule imeweka masomo kumi na mawili kwenye mtandao, yenye picha na video. Asiyemaliza yote kabla ya Ijumaa saa kumi jioni hafanyi mtihani. Mwaka jana Houda alikwama kwenye somo la tisa, akalia siku tatu. Mwaka huu Saliha aliwatangazia akina mama wa mtaa: "Munipe hao watoto. Kwangu watamaliza."

Kusema ni rahisi. Jumatatu asubuhi wote wanane walikuwa wamekwama kwenye somo la nne.

"Mama, imesimama tena," Houda alisema. Katikati ya video kiduara kilikuwa kinazunguka tu.

"Zima, uwashe."

"Nimeshafanya mara tatu!"

Saliha alishika tama. Alijiona mjinga kwa kujitapa mbele za watu.

Wakati huo akaingia Dévote, rafiki yake, mwalimu wa kompyuta kutoka Gasenyi. Gari lake lilikuwa kwa Atumani, naye alikuwa amechoshwa na nyundo. Aliomba kiti, akawatazama wasichana kwa muda.

"Mama Houda, hawa watoto wanaangalia kitu kimoja?"

"Ego, kimoja. Somo la ine, wote."

"Na kila masini inaenda kujichukulia yake ku enternet?"

"Sasa itachukuaje ingine?"

Dévote alicheka. "We ukitaka chumvi, unatuma watoto munane soko, kila mutoto alete kipakiti chake? Si unatuma mumoja, analeta ya wote, unaweka mu jikoni?"

"Natuma mumoja, bien sûr."

"Voilà. Iko masini inafanya ile kazi. Inaitwa proksi."

Alimweleza taratibu. Kompyuta inapotaka ukurasa, inaiuliza proksi kwanza. Proksi inaangalia kwenye hifadhi yake. Kama ukurasa haumo, inakwenda kuuleta mara moja, inautoa, na nakala inabaki nayo. Wa pili akiuliza, anapewa hapohapo nyumbani.

"Na siri za watu?" Saliha aliuliza. "Barua zao, mambo ya banki?"

"Apana, kurasa yenye alama ya kufuli inapita tu, proksi haiifungue. Masomo yenu hayana kufuli. Ndiyo maana inaweza kuyaweka."

Pembeni kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa, juu yake vitambaa vingine vya kushona. Dévote aliifunua. Aliiwekea programu ya proksi iitwayo Squid, akaipanga ianze yenyewe kila umeme unaporudi. Kisha akaziagiza zile nane zipitie kwake, kwenye mlango wa mtandao namba 3128. Mwisho akafungua skrini nyeusi isiyo na picha hata moja, ya kuandika amri tu. Saliha alirudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, haiume," Dévote alisema. Akaandika:

sudo tail -f /var/log/squid/access.log

"Hapa unaona kazi yake. MISS ni kusema haikuwa nayo, imeenda kuleta. HIT ni kusema imetoa mu hifadhi."

Houda alifungua somo la nne. Mstari ukatokea: MISS. Msichana wa pili akafungua: HIT. Wa tatu: HIT. Video zikacheza bila kusita, wasichana wakapiga makofi. Dévote aliandika amri chache kwenye karatasi, akampa Saliha, akaenda kuchukua gari lake. Saliha aliikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye kopo la vifungo. Hakuisoma.

Lakini nyumba hiyo ina sheria yake. Mume wa Saliha, Aboubacar, ni fundi wa friji. Zamani duka la baba yake liliungua kwa hitilafu ya umeme, watu wakiwa msikitini. Tangu hapo, adhana ya adhuhuri na ya alasiri ikisikika, Aboubacar hushusha swichi kubwa ya mlangoni. Tap! Nyumba nzima inazima. Hakuna aliyewahi kumbishia, na majirani humtania kwamba swichi yake inaijua saa kuliko redio.

Jumatatu alishusha mara mbili, Jumanne mara mbili. Jumanne hiyo masomo yalianza kuwa mazito kufunguka. Jumatano asubuhi hakuna ukurasa uliofunguka. Hata mmoja! Kompyuta zote zilipitia kwa proksi, na proksi haikujibu. Wasichana walikuwa kwenye somo la saba.

"Ondoeni ile masini ya zamani," Aboubacar alisema. "Inatuharibia."

Houda alimtazama mama yake, na Saliha akaiona tena ile sura ya mwaka jana. Akampigia Dévote simu.

"Munazimaka hii masini namna gani?" Dévote aliuliza.

"Namna gani? Baba Houda anashusha swichi."

Dévote akasema, "Yoo! Kumbe! Sikia, mama Houda. Proksi iko na daftari. Inaandika: kitu hii nimeweka hapa, hii pale. Ukiikatia umeme inaandika, daftari inabaki nusu. Leo nusu, kesho nusu, mwisho haijue tena vitu viko wapi."

"Sasa utakuja?"

"Niko na darasa mpaka jioni. Utaandika we mwenyewe."

"Mi? Mi ni mushonaji!"

"Basi vidole viko na akili. Karatasi iko wapi?"

Saliha alimwaga kopo la vifungo mezani. Aliketi mbele ya skrini nyeusi, simu ikiwa begani, akaandika amri ya kwanza, ile inayokagua kama mipangilio ni mizima:

sudo squid -k parse

"Inaomba neno la siri. Naandika, lakini hakuna kitu inaonekana! Imekufa?"

"Haikufa. Inaficha tu. Andika, ubonyeze."

Aliandika, akabonyeza. Mistari ikashuka, wala hapakuwa na lalamiko. Mipangilio ilikuwa salama, hifadhi ndiyo iliyoharibika. Dévote akamsomea amri ya kuifuta, herufi kwa herufi, akamwonya: "Amri ya kufuta unaisoma mara mbili mbele ya kubonyeza. Ukifuta ingine, hairudi." Saliha aliisoma mara tatu. Halafu akaandika amri ya kupanga hifadhi mpya, na ilipomaliza, amri ya kuiwasha proksi:

sudo squid -z

sudo squid

"Houda, jaribu!"

MISS. Kisha kwa jirani yake, HIT. HIT. HIT. Saliha aliweka mikono kichwani akacheka, machozi yakimtoka. "Alhamdulillah! Dada Dévote, inatembea!"

"Bado," Dévote alisema. "Kila mara mbele ya kuzima, mwambie proksi iage." Akamtajia amri mbili za mwisho za ile karatasi, na nusu dakika ya kungoja kati yake.

Adhuhuri ilipofika, adhana ikasikika. Aboubacar akainuka, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Baba Houda, ngoja!"

Aboubacar aligeuka. "Ningoje nini? Unajua mi sikuachake moto ya umeme mu nyumba."

"Najua. Nami siuachi. Nusu dakika tu, proksi imalize kuandika. Ukishusha sasa, Houda atakwama tena."

Akaandika:

sudo squid -k shutdown

Aboubacar alimtazama binti yake. Mkono ukabaki hewani, kisha akautia mfukoni, akatoa tasbihi. "Subhanallah," alianza polepole, punje moja baada ya nyingine. Alipofika punje ya thelathini na tatu, Saliha aliandika sudo poweroff, na skrini ikajizima yenyewe.

"Sasa shusha."

Tap! Aboubacar akaenda kuswali, akiwa hajachelewa.

Walipowasha baadaye, proksi iliamka na kila kitu chake mahali pake. Jioni hiyo walimaliza somo la nane. Alhamisi walivuka la tisa bila hata kulitambua, isipokuwa Saliha, aliyejifungia jikoni akashukuru peke yake.

Ijumaa, saa tisa na dakika tano alasiri, Houda alibonyeza jibu la mwisho la somo la kumi na mbili. "Mama, imeandika nimemaliza! Naruhusiwa mtihani!" Wengine walimfuata mmoja mmoja, wote saba. Saliha alikaa chini sakafuni kwa furaha.

Adhana ya alasiri ikaanza. Saliha alitaka kuinuka, lakini mumewe alikwisha kufika kwenye ile kompyuta kuukuu. Ile karatasi ya Dévote sasa ilikuwa imebandikwa chini ya swichi. Aliitazama, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo ikicheza. Kisha akatoa tasbihi.

"Kaeni kimya," aliwaambia wasichana waliokuwa wanarukaruka. "Masini inaandika."