Ukucha wa Kumi na Nane

Tok. Tok. Kimya. Tok.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mwezi wa Novemba, na umeme ulikuwa umekatika mji mzima wa Naryn. Sajini Begimai alilala akisikiliza. Chumba cha pili mama mkwe wake, Sairakan, alikuwa akikibembeza kitanda cha mtoto mchanga, Tursun, na kitu kidogo kiligonga mti wake kila kilipoyumba.

"Chui anatembea," alisema Aizirek, bintiye wa miaka mitano, nusu usingizini.

"Lala, mwanangu. Chui wako yuko makumbusho." Wiki hiyo chekechea iliwapeleka kumwona.

Kabla Begimai hajafumba macho, simu ililia. Makumbusho kumeingia mwizi.

Saa mbili kasoro robo alikuwa mbele ya kabati la kioo. Ilbirs, chui wa theluji aliyekaushwa tangu enzi za Warusi, alisimama juu ya zulia jipya la sufu. Mguu wa mbele wa kulia, ukucha mmoja haukuwapo. Mahali pake palifungwa kitambaa cheupe, mafundo matatu.

"Keshokutwa waziri anakuja!" Mkurugenzi Sagynbek alikuwa akilizunguka kabati. "Mababu walimchora huyu kwenye miamba. Wapanda milima walipewa beji yenye jina lake. Leo ni alama ya taifa, halafu mimi nimwoneshe waziri alama yenye kilema?"

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi nikufunge wewe."

"Sajini, usinitanie. Mfunge Tolomush, mlinzi. Ujanani alikuwa mwindaji, na chumbani kwake kuna koleo."

"Mara ya mwisho kabati lilifunguliwa lini?"

"Jumamosi, saa tisa. Wanawake wa ushirika wa sufu walitandika zulia. Niliwaacha na Tolomush dakika kumi tu, nikapokee simu ya wizara."

Begimai aliandika. Koleo kweli lilikuwapo. Saa nne asubuhi amri ilitoka wilayani: mlinzi awekwe ndani.

"Mzee, utakwenda jela," Begimai alimwambia kituoni.

"Nina miaka sabini na moja, mwanangu. Jela kuna joto kuliko makumbusho."

"Na koleo lako?"

"Ulilitazama? Kutu mdomo mzima, halikati hata siagi. Tena chui ana kucha kumi na nane. Mwizi gani anabeba mmoja na kuacha kumi na saba?"

Begimai alifungua daftari, akaandika.

"Wewe ni mtoto wa huku," mzee aliendelea. "Kitambaa cheupe tunakifunga wapi?"

"Kwenye chemchemi takatifu. Mtu anapoomba kitu."

"Haya. Sasa hiyo ni kazi ya mwizi?"

"Mzee, ulimwona."

"Macho yangu mabovu." Aliinamisha kichwa, akanyoosha ukingo wa kofia yake. Kisha akauliza polepole, "Tursun hajambo?"

Begimai alikitoa kitambaa kwenye mfuko wa ushahidi, akakigeuza. Pindo lake lilishonwa kwa mkono, uzi mwekundu, mishono mirefu isiyolingana. Mishono hiyo aliijua. Aliishona mwenyewe, mimba ya Tursun ikiwa ya miezi minane.

Alifika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, lakini Sairakan alikaa kando ya kitanda amevaa koti, vidole vyake vimepasuka kwa sabuni ya kukandia sufu ya ushirika.

Begimai aliinua vifuniko vya kitanda, saba kwa desturi, kimoja kimoja hadi cha mwisho. Tursun alikuwa amelala, midomo ya buluu. Juu yake, kwenye mti wa kushikia, ukucha ulining'inia kwa uzi mwekundu.

"Mama, kwa nini?"

"Baada ya Aizirek, wawili niliwazika kabla maziwa yako hayajakauka. Huyu wa tatu tukamwita Tursun, maana yake abaki. Jina halikutosha." Sairakan hakuinua sauti. "Mumeo alilala chini ya ukucha kama huu. Zamani kila kitanda kilikuwa nao. Kabla hajawa wa waziri, ilbirs alikuwa wa watoto. Sasa milimani hagusiki kwa sheria, na huku wamemfungia kwenye kioo. Tolomush alipogeuka, nilikata kwa mkasi wa sufu. Mmoja tu. Nikamwomba radhi kwa kitambaa."

"Ungeniambia."

"Nimwambie polisi?"

"Daktari wa Bishkek alisema moyo wake hautafika masika. Ukucha hauwezi kuuponya."

"Najua. Lakini akiusikia unagonga, halii."

Begimai alikaa sakafuni. "Mzee Tolomush yuko ndani, mama."

"Ndiyo maana nimevaa koti."

Begimai alikata uzi, akautia ukucha kwenye bahasha na kuandika: saa kumi na mbili na dakika ishirini, nyumbani kwa Sajini Begimai. Kwenye nafasi ya mtuhumiwa mkono wake ulisimama, kisha ukaandika jina la Sairakan.

Tursun aliamka, akaanza kulia kwa ile sauti yake nyembamba. Begimai alikibembeza kitanda, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Mti uliyumba bila sauti. Mtoto hakunyamaza.

Aizirek alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

"Chui ameacha kutembea," alisema.