Picha Moja Tu ya Scholastique

Treni ilikuwa imeingia Kindu asubuhi hiyo, na kituo kizima kilijaa magunia na makelele. Scholastique alipita katikati ya watu, beseni la mikate ya mafuta kichwani, kitenge cha manjano kimemkaa vizuri kiunoni. Mara akamwona kijana ameshika sanduku la mbao lenye jicho la kioo, amemwelekezea yeye.

"Weka chini hiyo!" Akaficha uso kwa kiganja.

"Pole, dada," kijana alicheka. "Hii njo mashine ya picha, haiko bunduki."

"Kwetu ni kitu kimoja."

Kicheko kilimwishia kijana mdomoni. Aliitwa Mardochée, fundi wa simu, na sanduku alikuwa ameliunda mwenyewe kwa mfano wa mashine za zamani. Ndani aliweka simu yake pamoja na kimashine cha kuchapa risiti. Ukibonyeza kitufe, karatasi ilitoka papo hapo na uso wako, ingali na joto.

Tangu siku hiyo alinunua mikate kila asubuhi. Jioni alimpigia simu.

"Sheri, umekula?"

"Nauza mikate, nitakosaje kula?"

"Basi miye njo sijakula. Sauti yako haishibishi."

Siku moja Schola alimweleza. Wakati wa vita, yeye akiwa bado mgongoni, watu wenye silaha waling'oa picha ya baba yake ukutani kwa mpiga picha, wakazunguka nayo mtaani: munamujua huyu? Mtu mmoja akaonyesha nyumba. Baba hakurudi. Mama Onema, mama yake Schola, alichoma picha zote za nyumbani, na hakuna aliyepigwa picha tena kwao.

"Yangu inatoka moja tu," Mardochée alisema. "Utaishika weye. Ukitaka kuichoma, choma."

Schola alivaa gauni la maua, akasimama nyuma ya karakana ya Mardochée. Kitufe kikalia. Aliificha karatasi kifuani, akaenda nayo nyumbani bila kumwambia mama yake.

Siku chache baadaye akapigiwa na Fifi, binti ya shangazi yake, kutoka Lubutu.

"Schola! Ile gauni ya maua! Kumbe uko muzuri hivi na hutuambii?"

"Umeniona wapi?"

"Kwa WhatsApp! Watu wanaitumiana huku."

Aliacha beseni kwa jirani, akakimbia mpaka karakana.

"Ulisema njo moja!"

"Karatasi njo moja, sheri. Simu inabakia na yake. Nilifurahi, nikaionyesha watu wajue niko na mutu."

"Nani anaishika sasa? Taja majina yao!"

Mardochée alitaja wawili, kisha akaanza kuipekua simu.

Kuanzia hapo simu ikilia, Schola aliigeuza kifudifudi. Alimwambia mama yake yote. Mama hakumgombeza, alianza tu kufunga mlango jua likiwa bado juu, na hilo lilimuuma Schola zaidi.

Mardochée akaja mwenyewe, sanduku mkononi. Mama Onema alikuwa uani akipepeta mchele.

"Mama, miye njo nilitoa sura ya mutoto wako inje. Kwangu nimeifuta. Mashine nimeibadilisha, karatasi ikitoka simu inafuta. Lakini wale walioiona, siwezi kuwaondolea."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. Schola alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

"Kaa hapo," mama alisema mwishowe. Akalishika sanduku. "Wanabonyeza wapi?"

Akamwelekezea Mardochée, akabonyeza, karatasi ikatoka na uso wake. Schola akaitoa simu sandukuni, akaipekua mwenyewe. Haikuwa na kitu.

Mama aliitazama picha, akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Sasa sura yako iko kwangu. Ukimutoa machozi tena huyu mutoto, nitazunguka nayo Kindu nzima."

Schola akacheka kabla hajajizuia.

"Basi nikuombe uchumba sasa hivi?" Mardochée alimnong'oneza Schola.

"Peke yako? Kwetu mwanaume haombi peke yake. Uje Jumapili na baba yako mudogo." Akatazama chini. "Na sanduku ulilete. Miye na mama hatujawahi kupigwa picha pamoja."