Kitisho cha Mia Mbili na Kumi na Tano

Pimania ilichukua sekunde saba kusikiliza miaka kumi ya maneno ya Nyamizi Msabila. Ilikuwa mashine ya kupima nia: kila aliyeomba kibali cha kutembea na bastola aliifungulia kumbukumbu ya sauti ya simu yake, nayo ikaamua. Nyamizi alinyimwa. Sababu: vitisho vya kuua, mara mia mbili na kumi na nne, vyote kwa mtu mmoja.

Nyamizi, fundi wa mitambo ya umeme wa jua mjini Kisarawe, alisoma akacheka, kisha akaogopa. Alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya wezi wa nyaya. Wawili walifungwa, wa tatu, Mkude, aliachiwa. Tangu hapo Mkude alimsubiri getini kila atokapo kazini, akimwambia kwa upole, "Safari njema, mama. Njia yako ile haina watu." Mkude alikuwa na kibali. Pimania haikuwahi kumkuta na neno baya. Akili nyingi huondoa maarifa.

Alikata rufaa. Barazani alikuwapo binadamu mmoja, Bwana Temu, na spika ya Pimania mezani.

"Tarehe tisa Machi," ilisoma spika, "mwombaji alimwambia Pazi Mwinyimvua: 'Nitakuzika mzima, na ubwabwa wa msiba wako nitaula mwenyewe.'"

"Ni mtani wangu," alisema Nyamizi. "Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Tunafanya kazi pamoja."

"Utani ninaufahamu. Ni mzaha, na mzaha una kicheko. Mwombaji hakucheka hata mara moja."

"Mtani akicheka kwanza, kashindwa!"

Pazi aliitwa. Alikuwa amekonda, akikohoa. Bwana Temu akamuuliza kama anamwogopa mwombaji.

"Nimwogope mtumwa wangu huyu? Mheshimiwa, bastola ya nini? Mpeni jembe."

"Kohoa taratibu wewe," Nyamizi akamjibu bila kufikiri, "usije ukafa kabla sijakuua."

"Mia mbili na kumi na tano," ilisema Pimania.

Bwana Temu alicheka mpaka akavua miwani. "Mimi Mchaga. Wapare wananizika kila wiki." Lakini sheria haikumruhusu kuifuta hesabu ya mashine, ilimruhusu kuweka sharti tu. Nyamizi angepewa bastola yenye kufuli-sikivu, kufuli linalosikiliza. Kitisho kimoja, nalo lingejifunga, na bastola isingefyatuka tena.

"Saini," Pazi alimwambia. "Nitatukana kwa niaba yetu wote wawili."

Akasaini. Mkude aliiona bastola kiunoni na hakusimama tena getini. Pazi alitukana kama alivyoahidi, na Nyamizi akawa anajibu, "Asante, kaka." Baada ya miezi miwili Pazi naye alipunguza, kisha akaacha. Walikula chakula cha mchana wakizungumzia betri. Nyamizi alimkumbuka mtu aliyekaa naye meza moja.

Mwezi wa tano kifua kilimchukua Pazi.

Msibani walikuja watu wengi, Mkude naye akiwa nyuma, kanzu safi. Jeneza lilipotolewa nje, wabebaji walisita. Kwa desturi, mtani ndiye huziba njia, na mtani alikuwa amesimama kimya na kanga yake. Mwanahawa, mjane wa Pazi, alimtazama.

"Wifi," aliuliza, "kaka yako huyu anaondoka hivi hivi, kama hana mtu?"

Nyamizi alikwenda akaketi chini katikati ya njia.

"Haendi mtu hapa! Pazi, toka humo, mvivu we! Nani kakuruhusu kufa kabla sijakuua?"

Kiunoni kulisikika mlio mdogo wa chuma. Watu walikwisha kuangua kicheko, na Mwanahawa, ambaye kwa siku tatu hakuinua uso, alicheka huku machozi yakimtiririka. Nyamizi naye alilia waziwazi, akaendelea kutukana mpaka walipompa sahani ya ubwabwa ili awapishe.

Baada ya maziko Mkude alimfuata. Alitazama kiunoni, kwenye kufuli lililojifunga, kisha akampa mkono kwa adabu.

"Pole kwa msiba, mama," alisema. "Safari njema."