Chenji Isikae Mwisho Kila Mara

Kila alfajiri Eduviges alikanda unga wa mahindi na kuchoma pupusa, vimkate vya kujazwa jibini, kibandani kwake, na kila alfajiri roho ilimwenda kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Jikoni mule ndimo alimojifunzia kupika, akichapwa viganja kila pupusa ilipopinda. Ah, siku zile! Mama alipougua, nyumba iliuzwa. Sasa ilikuwa mali ya Don Abundio, mteja wake wa kila siku.

Eduviges alitaka kuikomboa. Lakini kila alipoikaribia bei, bei ilipanda.

"Huyu mzee ana jini?" alimuuliza jirani yake Wilmer, fundi aliyetengeneza mkoba wa simu, programu ambayo mtaa mzima uliitumia kulipana bitkoini. "Akiba yangu anaijua kuliko mimi!"

Wilmer aliona haya. "Kosa langu, mama. Malipo ya bitkoini huonekana na kila mtu, ila bila majina. Don Abundio anakulipa bei ya pupusa, kwa hiyo sarafu zako anajua zinapoanzia. Ukimlipa muuza mahindi, yanatoka mafungu mawili: lake, na chenji inayokurudia wewe. Mkoba wangu huweka chenji mwisho siku zote. Don Abundio anafuata la mwisho tu, akiba yako anaiona."

"Ala! Kumbe nalala mlango wazi!"

"Tutapanga mafungu kwa kiasi. Dogo mbele, kubwa nyuma, liwe la nani liwe. Yakilingana, tunafuata mpangilio wa herufi za anwani zinakokwenda pesa. Na mikoba yote ifuate kanuni hiyo. Ukijipangia peke yako, mtindo wako utakutambulisha."

"Hataniona tena?"

"Mafungu atayaona. Lipi lako, nafasi haitamwambia. Atabahatisha."

Mtaa mzima ukabadili mikoba. Don Abundio, kwa mazoea, aliendelea kufuata fungu la mwisho. Safari hii lilikuwa la muuza mahindi, mtu asiyejua kuweka akiba. Mzee akaliona likipukutika mpaka likaisha.

Asubuhi moja akacheka mbele ya wateja. "Vige, nyumba nakuuzia kwa bei ya mwanzo kabisa. Leo leo! Kama unazo."

"Jamani, mmesikia?" Eduviges akafuta mikono, akatoa simu. "Twende kwa mwanasheria."

"Lakini... si zilikwisha?"

"Za nani, Don?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee alikuwa ameshatamka mbele ya watu, akauza.

Jioni ile Eduviges aliwasha moto katika jiko la mama yake. Alilia kwanza, maana mwenye jiko hakuwapo. Halafu akapika.