Picha za Barabara ya Lodwar

Kila Jumatatu asubuhi, Jepkosgei aliwagawia wenzake wa darasa la saba pakiti za maziwa ya Nyayo, yale yaliyotolewa bure shuleni, kisha akakaa kwenye dawati la mbele kusubiri somo la jiografia. Alikuwa kiranja, na katika somo hilo hakuna aliyemshinda. Mwalimu Wepukhulu alizoea kubandika ukutani ramani alizochora Jepkosgei.

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya Agosti, Jepkosgei alikuta ramani hizo zimebanduliwa. Mahali pake palikuwa na picha tisa zilizopigwa na Zeinab, mwanafunzi mwenzao, binti wa Mzee Ibrahim, dereva wa lori aliyepeleka unga Lodwar. Zeinab alikuwa amesafiri na baba yake akipiga picha njia nzima: barabara iliyonyooka jangwani hadi ikawa nyembamba kama uzi, ngamia wakivuka lami, lori limezama kwenye mchanga wa mto uliokauka. Wanafunzi walisongamana kumsikiliza. Jepkosgei, ambaye hakuwahi kufika mbali kupita mji mdogo wa jirani wa Ziwa, alisimama nyuma yao. Alisema kwamba yeye angepewa kamera angepiga picha nzuri zaidi. Hakuna aliyegeuka.

Wiki nzima wivu ulimla. Ijumaa Zeinab alileta kamera ili apige picha ya darasa. Aliwaonya wenzake wasifungue mfuniko wa nyuma, kwani ndani mlikuwa na filamu ya pili ya safari na mwanga ungeichoma. Wakati wa mapumziko Jepkosgei alibaki peke yake akifuta ubao. Aliichukua kamera kwenye dawati la Zeinab, akaufungua mfuniko karibu na dirisha, akahesabu hadi mia, kisha akaufunga.

Wiki mbili baadaye Zeinab alikuja macho yamemvimba. Studio ilikuwa imemrudishia filamu nyeusi tupu. Picha ya nyanya yake pia ilikuwa humo. Bibi huyo alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote, akakubali safari hiyo tu. Mzee Ibrahim aliamini kwamba binti yake aliichezea kamera, akamnyang'anya na kumwambia hatasafiri naye tena Disemba.

Jepkosgei alikuwa ametamani kumwona Zeinab akiwa hana la kuonyesha. Sasa alimwona, na chakula hakikumshuka.

Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa malori. Mzee Ibrahim alikuwa akikaza kamba za turubali, na Zeinab akimshikia.

"Mzee, Zeinab hakuharibu filamu," alisema. "Ni mimi niliyefungua kamera."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Kila mtu alikuwa anaangalia picha zake."

Zeinab aliiachilia kamba. "Ungeniomba tu," alisema polepole. "Ningekuonyesha vile inapigwa."

Jepkosgei alilia, akamwomba msamaha. Akaahidi kuwaambia wenzao ukweli Jumatatu, mbele ya mwalimu. Mzee Ibrahim alimwomba binti yake radhi kwa kumshuku, akamwambia kamera ni yake tena na Disemba watasafiri pamoja. Nyanya wangemwomba upya, ingawa huenda angekataa.

Kisha akamgeukia Jepkosgei.

"Binti yangu, ilikuwa vigumu kuja hapa, na umefanya vizuri. Lakini ona wivu umekufikisha wapi. Ulitaka kumshusha mwenzako, ukaharibu picha ya mama yangu, mtu ambaye hata humjui, na wewe mwenyewe hukupata hata picha moja. Siku nyingine ukiona mwenzako ana kitu kizuri, mwombe akufundishe. Wewe utajua kazi, na yeye hatapoteza chochote."