Mwenye Nyumba Asiye na Mama

Amina ya mwisho ilichelewa.

Wanawake wa ribati walikuwa wameketi uani baada ya magharibi, kama ilivyo ada ya nyumba ile ya wakfu wa wajane, wakimsomea Fatiha marehemu Bin Shamrud, ambaye jina lake lilichongwa kwenye jiwe juu ya mlango. Wakasema amina, wakapangusa nyuso. Ndipo ukutani, nyuma ya birika la maji, sauti nzito ya kiume ikaitikia nayo: "Amina."

Samia akageuka. Wajane hawakugeuka.

"Sellah, umesikia?" akamnong'oneza Mkenya aliyekuwa akimuuguza shangazi yake.

"Nimesikia. Na usiniangalie hivyo, dada. Mimi amina zangu ni za Yesu. Hiyo si yangu."

Samia alizaliwa Jidda, mjukuu wa Wazanzibari waliokimbilia huko mwaka wa sitini na nne. Chuoni alisomea historia, na sasa alifanya kazi Riyadh, katika ofisi iliyotayarisha vibao vya kueleza ni akina nani hao ambao majina yao yamebaki kwenye shule, zahanati na ribati za Jidda. Alikuwa mtu wa kuhakiki. Tarehe moja yenye shaka ilimkosesha usingizi. Koo zote alikwisha kuzipata, pamoja na makaburi yao na ugomvi wao wa mirathi. Bin Shamrud peke yake hakuwa na kaburi, wala mkwe, wala adui. Katika Balad nzima, mji mkongwe wa Jidda, ambako hata paka hujulikana ni wa nyumba gani, hakupatikana mtu aliyewahi kumwona jamaa yake. Na bosi wake, Saif, alitaka maelezo ya jina hilo wiki ile ile, ndiyo maana Samia akarudi Jidda kwa shangazi yake.

Asubuhi iliyofuata, chumbani kwa shangazi Hala palinuka chokaa mbichi, ingawa ukuta ule wa mawe ya matumbawe haukuwa umepakwa chochote kwa miaka.

"Shangazi, Bin Shamrud alikuwa mtoto wa nani?"

"Usichokonoe, mwanangu." Hala alitupa jicho ukutani, akashusha sauti. "Nyumba hii ilijengwa na wanawake waliouza bangili zao. Wengi, masikini, hata mmoja hakujiona anastahiki jina lake liwe mlangoni. Na ukuta ukawa kila ukisimama, unaanguka. Ndipo sauti ikamwambia fundi: nipeni jina la nyumba na dua zenu, nitaubeba. Wakampa. Halasi, yakaisha."

"Kwa hiyo si mtu?"

"Mie sijasema kitu!"

Sellah akamvuta Samia kando. "Juzi hospitali walimuuliza jina. Akasema Hala binti Shamrud. Nikadhani ni dawa."

Shangazi yake Samia alikuwa binti Ussi. Samia akarudi kando ya kitanda, akapiga magoti. "Shangazi, mama yako aliitwa nani?"

Hala akafumbua kinywa. Akakifumba. Machozi yakamlengalenga, na Samia, aliyetaka kumsaidia, akalitafuta jina la bibi yake mwenyewe, jina alilolitaja tangu utotoni katika kila hitima, akakuta mahali pake pamekuwa peupe, na ndani ya weupe ule kuna mtu anapumua, taratibu, kama anayengojea kukaribishwa, mpaka alipojiuma ulimi ndipo jina likamrudia: Raya. Raya binti Nasibu.

Basi ndivyo lilivyofanya lile dude la ukutani. Halikuwa na ukoo, likawa linajikusanyia wa watu.

"Mtaani Kandara, hapa Jidda, kuna shehe wa kutoa hizi vitu," Sellah akanong'ona. "Tumwite?"

"Shehe atamuuliza jina, naye atatoa lile lile la Bin Shamrud tunalomlisha kwa dua kila siku," Samia akasema. Hasira ilikwisha kuutangulia woga. "Leo hatumlishi."

Magharibi ile wajane walipoinua mikono, Samia, aliyekuwa amemtoa shangazi Hala nje kwa kiti, akasimama katikati ya ua. "Leo hatumsomei. Tunawasomea wenye bangili. Na kila mmoja ajitaje, na mama yake."

"Utatuangushia nyumba, mtoto we!" mjane mmoja akafoka.

Sauti ikatoka nyuma ya birika, karibu kuliko jana. "Nikitoka, natoka na ukuta."

"Toka nao. Tutajenga," Samia akajibu. "Ila kwanza sema: wewe mwana wa nani?"

Ukuta ukaanza kuguna, vumbi likamiminika kutoka kwenye roshani za mbao, harufu ya chokaa ikawajaa kooni, na kutoka kila jiwe zikapanda sauti za wanawake waliokwisha kufia humo, zikilalamika kwa jina lile moja, binti Shamrud, binti Shamrud, na Samia akiwa amekamata kiti cha shangazi yake asije akakimbia mwenyewe, akapiga kelele juu yao zote: "Mwana wa nani? Nani alikuzaa?"

"Mimi ni Sellah wa Roselyne, wa Kitale!" Mkenya akapaza. "Uniandike vizuri!"

Mjane wa kwanza akafuata, akilia. Kisha mwingine. Ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini.

Hala akainua kidevu. "Mimi... Hala. Wa Raya. Wa Raya binti Nasibu, na wewe huna mama, mwizi we!"

Mlangoni kitu kikaanguka kwa kishindo. Walipokwenda kutazama, lile jiwe la jina lilikuwa vipande. Ukuta, pamoja na ufa wake, ulikuwa umesimama.

Siku chache baadaye, Riyadh, ofisini, Saif aliyasoma maneno ya kibao kwa sauti. "Ilijengwa na wanawake waliouza bangili zao. Na jina?"

"Majina yao hatuyajui. Mahali pa jina pabaki wazi."

Saif akaitikia kwa kichwa. "Haya. Mungu awarehemu."

"Amina," wakasema waliokuwepo.

Na nyuma ya kabati la faili, katika ukuta mpya wa jasi, amina moja ikachelewa, kwa sauti ile ile nzito.

Harufu ya chokaa ikampanda Samia puani. Akasimama mbele ya bosi na wenzake wote, akaugeukia ukuta.

"Mwana wa nani?" akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini.