Nyumba Iliyozibwa Nyufa

Katika kijiji kimoja juu ya soko la Nyaramba, hakuna aliyejua kubana matumizi kama Phanice. Maganda ya ndizi aliyapeleka kwa ng'ombe. Maji ya kuoshea mboga aliyamwagia sukumawiki. Kila shilingi ya majani ya chai aliyouza aliipangia kazi. Mumewe, Ochoki, alikuwa mlinzi wa duka sokoni. Alitoka jua likizama, akarudi asubuhi. Walikuwa wakiweka akiba ili binti yao Valentine aingie kidato cha kwanza bila kuuza ng'ombe.

Mwezi wa Julai ulikuja na mvua na baridi kali. Phanice akaona makaa yanakwisha upesi.

"Joto letu linapotelea nje," alimwambia Valentine. "Leta udongo tuzibe."

Wakaziba nyufa za ukuta. Wakashindilia magunia chini ya mabati. Dirisha wakalifunika kwa nailoni. Tangu siku hiyo, wakimaliza kupika, Phanice aliingiza jiko chumbani ili makaa yaliyobaki yawapashe joto. Chumba kikawa na joto tamu, kama chini ya mbawa za kuku anayeatamia.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Kwanza yalikuja maumivu ya kichwa. Waliamka vichwa vikigonga na matumbo yakichafuka. Wakienda shambani, maumivu yalipungua. Wakirudi ndani, yalirudi.

Kisha ikaja sauti. Jioni moja Phanice alikuwa akikunja nguo. Mtu akamwita polepole, "Phanice... Phanice..." Nguo zikamponyoka mikononi. Ilikuwa sauti ya mama yake mzazi, na mama yake alikuwa amezikwa zamani.

"Umesikia?" alimwuliza binti yake.

Valentine alikuwa akitazama pembeni. "Mama, yule mtu amesimama pale anataka nini?"

Phanice akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jiko tu, makaa yake mekundu, bila moshi.

Asubuhi walimkuta paka wao amelala kando ya jiko. Phanice alimgusa kwa mguu. Alikuwa amekufa, amekakamaa kama kuni.

Ochoki alimzika yule paka kwenye migomba. "Mimi sijaona wala kusikia kitu," alisema.

"Utasikiaje? Usiku wewe hulali hapa."

Majirani wakaanza kunong'ona. Katika shamba la chai mwanamke mmoja aliuliza, "Na mama mkwe wako, yeye ni mgonjwa?"

Mama mkwe wa Phanice, Nyanchoka, aliishi peke yake upande wa pili wa ua, katika nyumba ya zamani ya nyasi. Alipikia kuni, na upepo ulipita humo utakavyo. Hakuwahi kulalamika hata mafua. Sisi tunakauka, Phanice aliwaza, na yeye ananawiri. Mbona?

"Omorogi," alisema yule mwanamke kwa sauti ya chini. Mchawi. Phanice alijua uzito wa neno hilo. Watu wamechomewa nyumba kwa sababu yake. Hata hivyo, alilibeba hadi nyumbani.

"Baba Valentine," alimwambia mumewe, "mama yako asikanyage hapa tena."

"Umesema nini?"

"Umenisikia."

Ochoki alivaa kofia yake ya kazi. Akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyohiyo Nyanchoka alikuja na mkungu wa ndizi. Phanice akafunga mlango na kuuegemea kwa ndani.

"Mwanangu, mko wazima?" bibi aliuliza.

Phanice akasikia mkungu ukitua chini, kisha nyayo zikirudi taratibu kwenye matope.

Siku ya soko Phanice alikwenda Marani. Huko alikuwapo mtu mgeni aliyesifiwa kwamba hufukuza mapepo. Phanice, aliyezoea kubishana hata juu ya bei ya chumvi, alimpa mtu huyo sehemu ya akiba ya shule bila kubisha. Akapewa unga mweusi ndani ya karatasi.

"Washa makaa mengi ndani ya nyumba," mtu yule alimwagiza. "Nyunyiza dawa. Funga kila mahali, usifungue hadi asubuhi. Kilichoingia kitatoka."

Alifanya hivyo. Giza lilipoingia, jiko lilikuwa limejaa. Valentine alisinzia mapema kuliko kawaida. Phanice aliketi akisubiri. Sauti ya mama yake ikaja tena, safari hii karibu na sikio. Alitaka kuinuka, mwili ukakataa. Kinatoka sasa, aliwaza. Hakuwaza tena kitu kingine.

Kulipokucha, kabla Ochoki hajarudi kutoka kazini, ng'ombe alikuwa akilia. Hakuna aliyemkamua. Nyanchoka alitoka nje akatazama nyumba ya mwanawe. Mlango umefungwa. Alikumbuka kwamba hatakiwi huko. Akaenda.

"Phanice! Valentine!"

Hakuna jibu. Bibi alichukua jembe akapiga dirisha hadi nailoni ikapasuka. Akavunja na mlango. Joto zito likamgonga usoni. Alimvuta mjukuu wake kwanza, kisha mkaza mwanawe, akawalaza kwenye majani yenye umande. Ndipo akapiga mayowe.

Jirani wa kwanza kufika alikuwa Loice, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliwasikiliza pumzi. Alitazama jiko, magunia na nailoni. Akaita gari.

Hospitalini waliwekewa hewa ya oksijeni. Phanice alipoweza kukaa, Loice alikuwa kando ya kitanda, na Ochoki ameshika mkono wa Valentine.

"Hakuna aliyewaloga," Loice alisema. "Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Hata kama hakuna moshi, sumu ipo. Nyumba yenye nafasi za kupitisha upepo huitoa nje. Ninyi mliifungia ndani."

"Na sauti? Na yule mtu?"

"Sumu hiyo hunyima ubongo hewa. Mtu husikia na kuona visivyokuwepo. Paka alilala karibu zaidi, akafa kwanza. Mama Nyanchoka hakuugua kwa sababu nyumba yake inapumua."

Phanice akafunika uso. "Nilikuwa nabana matumizi tu."

"Kubana matumizi ni vizuri. Lakini usibane pumzi. Jiko likimaliza kupika, litoe nje ulizime. Mkihisi kichwa kinauma mkiwa karibu na moto, tokeni nje mara moja. Mkirudi nyumbani nitawaonyesha jinsi ya kuokoa makaa."

Alitimiza ahadi. Alichukua kikapu kikubwa, akakitandika majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa. Yakachemshwa kwa nguvu nusu saa katika maji mapya. Sufuria ikafunikwa, ikaingizwa kikapuni na kufungwa kabisa ili joto lisitoroke. Wakaenda kuchuma chai. Waliporudi mchana, maharagwe yalikuwa yameiva. Yalihitaji kuchemshwa kidogo tu kabla ya kuliwa.

"Yamepikwa na blanketi?" Nyanchoka aliuliza, akacheka hadi akashika mbavu.

Phanice hakucheka. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, mbele ya majirani wote waliokuja kutazama kikapu.

"Mama, nilikufungia mlango."

"Nami nikauvunja," bibi alijibu. "Inuka tule."

Magunia yaliondolewa chini ya mabati. Gunia la makaa sasa lilidumu karibu mara mbili ya zamani. Kilichookolewa kiliingia katika chama cha akiba cha wanawake, Phanice na Ochoki wakikubaliana pamoja kila wiki. Mwaka uliofuata Valentine aliingia kidato cha kwanza, na ng'ombe bado alikuwa zizini.

Mvua za baridi ziliporudi, mwanamke mgeni alikuja mbio kutoka mlima wa pili.

"Mama Valentine, nisaidie. Nyumbani kwangu kuna kitu kinatembea. Watoto wanakiona. Watu wanasema ni shangazi yao."

Phanice alishika shali yake, tayari kwenda naye.

"Dada," alisema, "mkilala, jiko mnaliweka wapi?"